Ekuteri Zisizokufa Njiani

Benny alikuwa na ile tabia mbaya ya wauza vifaa vya simu wa Birere: kabla hujamaliza kueleza shida yako, ameshakuvalisha bidhaa. Kahindo alisema tu kwamba anatafuta ekuteri, spika ndogo za masikioni, za kukimbia nazo, na papo hapo akajikuta na dude jekundu kichwani, lenye sifongo nene masikio yote mawili, na ndani yake gitaa likilia kwa nguvu zake zote.

"Sikia ile besi, mama," Benny alisema. "Goma muzima hautaona ingine kama hii."

Kahindo akalivua, akaligeuza, akabonyeza sifongo kwa kidole gumba.

"Hii itakunywa jasho," alisema. "Kesho kutwa itaanza kunuka."

"Lakini sauti. Umesikia sauti?"

"Sauti haina kazi."

Bila shaka wateja walikuwa wamewahi kumlalamikia bei, rangi, na hata yeye mwenyewe, ila huyu alikuwa wa kwanza kuja kununua kitu cha masikioni na kusema sauti haina kazi. Alikitazama kitenge chake cheusi, akatazama uso wake uliotulia kama wa mtu anayengoja zamu kwa daktari wa meno, akaamua kutotania.

"Basi unatafuta nini, mama?"

"Natafuta zenye hazitakufa njiani. Zisianguke, zisizimike, zisikufe sikio moja. Ingine yote, unaweza kunipa yenye unataka."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile anayowasomea wagonjwa dawa zao pale famasi ya Majengo anakofanya kazi, moja asubuhi, moja jioni, baada ya chakula. Siku hizi alisema kila kitu kwa sauti hiyo.

Na alikuwa na sababu zake. Ekuteri za kwanza, nyeusi za waya, alizinunua barabarani kwa bei ya sahani ya maharage, nazo zikadumu kama sahani ya maharage inavyodumu. Waya ulilegea pale unapoingia kwenye simu, jasho likapenya, na asubuhi moja, akiwa ameshaachana na wenzake na anafungua geti la nyumbani, sikio la kushoto likakatika. Akasikia kuku wa jirani. Kuku tu, si kingine. Lakini alishika geti kwa mikono miwili, kwa sababu kama sikio lile lingekatika mapema kidogo, wakati bado yuko barabarani na Klabu Pumzi, angeusikia wimbo wa Florent. Siku iliyofuata hakukimbia. Alikuja Birere.

Florent alikuwa mume wake, na alikuwa mwimbishaji wa Klabu Pumzi. Kwa asiyejua mbio za Goma nimwambie: watu hapa hawakimbii kimya kama wezi. Wanakimbia kwa kundi, alfajiri, katikati ya barabara, na mbele yao mtu mmoja mwenye kifua anatoa wimbo, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Mwimbishaji mbaya anaweza kuwatapisha watu kwenye mwinuko mdogo tu. Mzuri atakupandisha na utafika juu hujui kama ulipanda. Florent alikuwa mzuri. Katika mambo mengine yote alikuwa fundi wa friji asiye na haraka, mtu wa kuchelewa harusini na kanisani, lakini alfajiri haikuwahi kumkuta kitandani. Walitoka Majengo, wakapita Katindo kando ya kambi ya wanajeshi, wakateremka hadi Keshero ambako unaanza kusikia harufu ya ziwa, kisha wakageuka. Wimbo wake mkubwa aliutunga mwenyewe na haukuwa na maajabu yoyote.

"Mulima iko wapi?" anauliza.

"Nyuma yetu!"

"Na ziwa iko wapi?"

"Mbele yetu!"

"Na weye uko wapi?"

"Niko hapa!"

Basi, ndiyo hayo tu, kwenda na kurudi, miaka nenda miaka rudi. Watu wazima, wenye watoto na madeni, wakapiga kelele mjini kwamba wako hapa, na wakarudi nyumbani wamefurahi.

Alikufa mchana, kwenye kiti cha plastiki, akisubiri sombe, mboga ya majani ya muhogo, iive. Aliomba chumvi. Kahindo alipogeuka nayo, Florent alikuwa ameshaondoka. Moyo, daktari alisema, na hakuongeza neno.

Na Kahindo hakulia. Hakulia pale kwenye kiti, hakulia walipolifunga jeneza, hakulia makaburini wanawake walipomshika huku na huku wakidhani ataanguka. Alisimama wima kama mlingoti, akawaonea huruma waliokuwa wanamshika, maana walikuwa wanachoka bure. Kwenye matanga alipanga viti, alijua nani amekula na nani bado, alikumbuka hata nani hapati chumvi kwa sababu ya tension, yaani presha. Ndani kulikuwa kumekufa ganzi. Mguu ukiukalia sana hufa ganzi, lakini ukiunyoosha unachoma. Yeye alijinyoosha kila upande na hapakuchoma popote.

Dada yake Florent, Émérance, alifika kutoka Butembo na kilio chake mkononi. Sisemi hakumpenda kaka yake, alimpenda. Lakini kilikuwa kilio kilichopangika, chenye maneno, chenye mahali pa kupumzikia, na kila alipopumzika alimtazama wifi yake usoni. Siku moja akawaambia wanawake wenzake jikoni, bila kushusha sauti:

"Huyu mwanamuke hajaliaka ndugu yangu hata kidogo. Mutu analiaka hata juu ya mbuzi."

Kahindo alikuwa mlangoni na sufuria. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha. Alijiuliza tu kama ni kweli, vile unavyojiuliza kama ulifunga dirisha, na akaona inawezekana ni kweli.

Hofu ilianzia pale. Vitu vyote vya Florent alikwisha kuvipitia. Shati aliinusa, akaikunja. Picha alizitazama hadi mwisho. Viatu vyake vya kukimbilia alivisafisha kwa mswaki, akampa jirani, akarudi kula. Kilichobaki ni kimoja tu ambacho hakukijaribu, nacho ni ule wimbo. Akiusikia asilie, basi mambo yamekwisha, Émérance amesema kweli: aliishi na mtu asiyempenda, au alimpenda na kule kupenda kwenyewe kumezikwa naye. Hakuogopa kulia. Angetoa chochote alie. Aliogopa kuusikia na kubaki mkavu, kwa hiyo afadhali asiusikie kamwe.

Utasema, basi aache kukimbia. Angeacha vipi? Tension yake ilipanda baada ya mazishi, na daktari anayefika pale famasi akampa kuchagua kati ya vidonge na barabara. Mtu anayeuza vidonge anajua wenzake wanavyoanza na kimoja, kisha wasiache. Na mwanamke kukimbia peke yake gizani katika Goma ya leo, hapana. Kwa hiyo lazima Klabu Pumzi, na Klabu Pumzi ni wimbo, na wimbo ni Florent. Wakati wa matanga alipona kwa desturi: kundi likipita mbele ya nyumba yenye msiba hunyamaza, wakasikika kwa miguu tu. Akiwa kitandani aliwasikia wakija, akawasikia wakipita kimya, na kabla hawajafika kwenye kona ambako wimbo huanza tena, akajifunika mto. Lakini mto huwezi kukimbia nao.

"Sasa ona hizi," Benny alisema, akafungua kisanduku cheupe chenye vidude viwili vidogo kama meno ya mtoto. "Hazina waya hata kidogo. Batu wote wa mupira wanavalaka hizi."

Kahindo akavitia masikioni, akatikisa kichwa, kisha akaanza kurukaruka palepale mbele ya meza, kitenge cheusi na yote. Wapita njia waligeuka. Kidude cha kulia kikachomoka, kikadunda mezani, kikaenda kujificha kati ya mawe meusi ya barabara, na Benny akapiga magoti kukisaka huku akimwomba mwendesha chukudu mmoja, na baiskeli yake ya mbao ya mizigo, asipite kwanza.

"Hizo hapana," Kahindo alisema juu ya kichwa chake.

Akaletewa za waya zenye ndoano ya kushika sikio. Ndoano aliipenda. Lakini akaushika waya pale unapoingia kwenye kichwa cha chuma, akaukunja kulia, akaukunja kushoto.

"Hapa ndipo zinakufiaka."

"Ni ukweli," Benny alikiri, akazirudisha mwenyewe bila kubishana. Akafikiri. Akainama chini ya meza, akatoa mfuko ambao haukuwa umetundikwa na vingine. Ndani mlikuwa na ukanda laini wa mpira wa kukaa shingoni, betri ikiwa ndani ya mpira, na kutoka pale nyaya mbili fupi zikapanda, kila moja na ndoano yake na kizibo cha mpira cha kuingia sikioni. "Hizi hazina sura," alisema. "Ni juu ya ile siziwekake mbele. Lakini zinakawiaka."

Kahindo akazivaa. Akaruka. Akainama kama anayefunga kamba za kiatu, akainuka ghafla, akageuza shingo huku na huku. Zilikaa. Vizibo viliifunga Birere nje, na honi za pikipiki zikawa za mtaa mwingine.

Benny akazipokea, akachukua chupa ya maji, akaumwagia ukanda mzima ekuteri zikiwa bado zinaimba. Ziliendelea kuimba.

"Maji si jasho," Kahindo alisema. "Jasho iko na chumvi."

"Mama, miye nilivala hizi nikiwa nabeba mifuko ya simenti, tunajenga kwa kaka yangu. Kama ni chumvi, nilitoka na chumvi ya kupika sufuria muzima."

"Na betri ikiisha?"

"Inakuambia mbele. Iko mwanamuke ndani anasema. Na nikikuuzia za mubaya, miye niko hapa kila siku, unakuja unanitupia kwa uso."

Wakavutana bei kidogo kwa ajili ya heshima tu, maana haikuwa kubwa kama alivyohofia, akalipa kwa simu. Benny akauliza amwekee muziki gani.

"Kitu chenye hakuna mutu anaitika."

Ombi lile lilimchukua muda. Alipekua kompyuta yake, akakuna shingo, mwisho akasema kwamba ana mzungu mmoja, Mfaransa, anayefundisha kufuga nyuki. Mtu aliiacha rekodi hiyo pale zamani. Masaa na masaa, hakuna wimbo, hakuna anayeitikia.

"Weka iyo."

Nyumbani Émérance aliziona kabla hata Kahindo hajavua viatu. Alikuwa amebaki Goma ili kumsaidia mjane, ndivyo alivyosema, na msaada wenyewe ulikuwa wa kukaa sebuleni na kuona.

"Mujane na muziki kwa masikio," alisema.

"Si muziki, dada. Ni nyuki."

Émérance alichukulia hilo kuwa tusi, na hawakuzungumza hadi chakula cha jioni. Kahindo hakuwa ametania. Hakuwa na nguvu za kutania.

Basi zikafuata wiki za nyuki. Kila alfajiri alisimama nyuma ya geti lake, akamwasha yule Mfaransa, akapandisha sauti hadi mwisho, akaacha kundi lipite, kisha akafungua na kujiunga nalo mkiani. Mkiani alikuwa Mukamugema, rais wa Klabu Pumzi, mama mnene wa kutoka Rutshuru anayeuza jibini ya Masisi sokoni, na aliyekimbia na kitambaa chekundu kwenye fimbo ili pikipiki zinazotoka nyuma ziwaone. Siku ile ya kwanza kabisa Kahindo aliporudi, na zile ekuteri za waya, Mukamugema alikuwa amemshika mkono na kumsemesha kwa muda mrefu. Kahindo aliiona midomo ikitembea, akadhani ni pole kama pole nyingine, akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo hakuna aliyemsemesha tena. Walimpungia mkono, akawapungia. Hicho nacho kilikuwa kipaji cha ekuteri ambacho Benny hakukitaja: mtu akiziona, hakupi pole.

Akakimbia akitazama migongo ya watu na kujifunza nyuki. Alijua sasa kwamba malkia hutaga mayai asiyoyaona mwenyewe yakikua, kwamba mzinga ukikosa malkia unabadilisha mlio, kwamba mfugaji mzuri hana haraka. Yalipita ndani yake, yakatokea upande wa pili. Kuna asubuhi mvua iliwapiga kutoka Katindo hadi Keshero na kurudi, akaingia nyumbani ameloa hadi kwenye mifupa, na Mfaransa bado anaongea. Kuna asubuhi alijikwaa kwenye mawe, akaanguka kwa magoti na viganja, na ekuteri hazikusogea hata ukucha. Vumbi halikuziweza. Chumvi ya jasho iliacha mistari myeupe kwenye ule mpira, akaifuta kwa kitambaa, zikarudi kuwa mpya. Benny alikuwa mkweli, jambo ambalo si la kila siku Birere.

Aliona kundi linapungua. Zamani walijaza barabara upande hadi upande, na magari yakasubiri. Sasa walienea upande mmoja. Alifikiri ni hali ya mji, watu wamechoka, wengine wamehama, na hakulifikiria tena.

Kisha umeme ukakatika Majengo. Si jambo la kushangaza. Ekuteri alizichaji famasini, kwenye sola inayolinda friji ya dawa, zikajaa. Simu akaisahau mfukoni. Alfajiri aliona mstari wa betri umebaki kipande, akajiambia kitatosha, maana huwa tunajiambia hivyo.

Hakikutosha. Walikuwa wameshapita geti la kambi ya Katindo, ukuta ule mrefu upo mkono wa kushoto, giza bado halijafumuka vizuri, na Mfaransa alikuwa anaeleza jinsi nyuki wanavyojikusanya kwenye baridi. Akakatika katikati ya neno. Yule mwanamke wa ndani ya ekuteri akasema kitu kimoja kwa Kiingereza, kisha naye akaondoka.

Kahindo alijua mara moja. Ekuteri zilikuwa nzima. Simu ndiyo iliyokufa.

Hapakuwa na pa kwenda. Kurudi peke yake kando ya ule ukuta, gizani, haiwezekani. Kusimama ni kuwasimamisha wote. Akakaza meno, akakimbia, akaungoja wimbo umfikie. Kupitia vile vizibo alisikia pumzi yake mwenyewe, kubwa, kama ya mtu mwingine aliye chumba cha pili, na mbali kidogo, miguu ya watu. Wimbo haukuingia. Akamshukuru Benny moyoni: vizibo vimeziba kweli. Akaendelea kungoja upenyeze, kama unavyongoja maji yapite chini ya mlango. Walipita mwisho wa ukuta. Walifika mahali barabara inapoanza kuinamia Keshero, ambapo Florent hakuwahi kupanyamazia hata siku moja, hata alipokuwa na mafua.

Hofu ikimkalia mtu muda mrefu humchosha, na Kahindo alichoka pale. Akainua mkono, akakivuta kizibo cha kulia.

Miguu. Mtu anakohoa mbele. Mfuko wa nailoni unasuguana na koti la mtu. Hakuna wimbo.

Labda wako kati ya nyimbo mbili, alifikiri. Akavuta na cha kushoto, akasikiliza kwa masikio yote mawili. Watu wazima, kwenye mteremko mzuri, wanakimbia kimya kama wezi.

"Mama Mukamugema," alisema. Sauti yake ilimshangaza. "Juu ya nini hamuko munaimba?"

Mukamugema akageuka. Aliona vizibo vinaning'inia.

"Unaniuliza miye?"

"Nauliza."

"Si nilikuambia ile siku ulirudia? Nilikushika mukono. Nilisema, wimbo ni ya nyumba yako, hatutaitoa mupaka weye mwenyewe uitoe. Ukaitika na kichwa." Alivuta pumzi, maana kusema na kukimbia kwa mwili wake ni kazi mbili. "Tuliona umeziba masikio, tukasema, kimya inamuumiza. Tumuache."

"Tangu muzee azikwe hamujaimba?"

"Hata siku moja."

"Na batu wenye wameacha kuja?"

"Mutu anachokaka kukimbia bila wimbo. Walisema tumutafute mwingine wa kuimbisha. Nikasema, mwenye kwenda aende."

Wakakimbia. Kahindo alijaribu kuona aibu, na aibu ikaja, lakini ilisimama mbali kidogo, haikuingia. Wiki zote zile alikuwa akijificha kutoka kwa kitu ambacho hakipo. Alikuwa ametoa fedha nzuri na kuruka mbele ya Birere nzima ili asisikie kimya. Na hao wote waliokuwa mbele yake, kila alfajiri, wamebeba mdomo uliofungwa kwa ajili yake, wakadhani anajua.

"Kama hauko tayari," Mukamugema alisema, "rudisha kitu yako kwa sikio. Hatuna haraka. Tutangoja."

Alisema kweli, hilo ndilo gumu. Wangengoja. Wangepungua hadi wabaki wawili, yeye na mama huyu na kitambaa chake, na bado wangengoja. Kahindo akavishika vizibo mkononi, vyote viwili, vikavu na vizima. Angeweza kuvirudisha. Hata bila Mfaransa vingetosha.

Akafungua mdomo. Alitaka kuuliza mlima uko wapi. Neno halikuja. Upande ule wa wimbo haukuwa wake, haukuwahi kupita mdomoni mwake, miaka yote alikuwa kati ya wanaojibu. Kilichotoka ni kile anachokijua.

"Nyuma yetu."

Aliyatamka zaidi ya kuyaimba, tena chini. Waliokuwa karibu waligeuza vichwa. Hakuna aliyejua afanye nini na jibu lililokuja bila swali. Miguu iliendelea, na pale ambapo Florent angeuliza la pili pakapita patupu, hatua tu. Mukamugema akaelewa wa kwanza. Akatoa ile sauti yake ya kuuzia jibini.

"Mbele yetu!"

Patupu tena. Miguu. Kisha, kutoka mbele kabisa ya kundi hadi mkiani, kwa vifua vilivyokuwa vimefungwa tangu mazishi:

"Niko hapa!"

Wakaanza upya, na hakuna aliyejitia kuuliza. Kila mara walimwachia Florent nafasi yake, hatua zikapita bila mtu, kisha wakamjibu.

Kahindo akaitikia nao, akisikiliza. Hakusikiliza majibu. Alisikiliza zile nafasi, masikio wazi, ana uhakika kabisa kwamba sauti itakuja, kwa sababu haijawahi kutokuja. Haikuja. Akangoja nafasi ya pili. Haikuja. Alikuwa amemwona kwenye jeneza, amempangia wageni viti, ametoa viatu vyake, na katika hayo yote hakuwa amemkosa Florent hata mara moja. Hapa, kwenye mteremko wa Keshero, katika upana wa hatua chache tu, alimtafuta na hakumpata.

Kitu kikamshika ubavuni. Kichomi, alifikiri, nimepumua vibaya. Akaukandamiza ubavu kwa mkono, akatoa pumzi ndefu kama walivyofundishwa. Hakikuondoka. Kilipanda. Kilipofika kooni hakikuwa kichomi tena, na Kahindo akalia.

Alilia vibaya. Kilio chake hakikuwa na maneno, hakikuwa na mahali pa kupumzikia, mdomo wazi, kamasi hadi kidevuni, mikono ikipunga huku na huku kwa sababu miguu ilikuwa bado inakimbia. Iliuma. Iliuma kiasi kwamba alitaka kukaa chini katikati ya barabara, na wakati huohuo asingekubali kubadilishana maumivu yale na kitu chochote. Wala hakukumbuka kwamba Émérance hayupo kuona. Mukamugema hakumgusa. Alihamishia fimbo mkono wa pili, akasogea, wakakimbia bega kwa bega.

Mbele nafasi ya tatu ikafika tena, ile ya mwisho, ambayo hakuna aliyeuliza. Wenzake walijibu kwa pamoja na kumaliza, na yeye alikuwa bado anatafuta pumzi. Akajibu peke yake, amechelewa, analia.

"Niko hapa."